Kisa cha Ascari: Tusisingizie Ndege Mbaya

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha ya methali, nayo ilikuwa ile iliyo midomoni mwa kila mtu: ajali haina kinga. Kama ilivyo ada, wengi waliandika juu ya matatu lililotumbukia mtoni na utingo aliyenusurika ili awasimulie wengine. Kijana mmoja tu, mpenzi wa magari asiyekosa gazeti siku ya Jumatatu, aliniletea kisa cha Mwitaliano Alberto Ascari, bingwa wa dunia wa mbio za magari ya langalanga katika miaka ya 1952 na 1953.

Insha hiyo ilisheheni tarakimu. Baba yake Ascari, ambaye naye alikuwa dereva wa mashindano, alifariki tarehe 26 Julai 1925 akiwa na umri wa miaka 36. Mwana alifariki tarehe 26 Mei 1955 akiwa na umri wa miaka 36. Baba aliishi siku 13,462. Mwana akaishi siku 13,466. Tofauti ni siku nne, na siku nne ndizo zilizopita baina ya ajali ya mwana aliyonusurika na ile iliyomuua. Kijana alihitimisha kwamba siku ya mja ikifika imefika, na kwamba hapana usukani unaoweza kuikwepa.

Nilizikagua hesabu zake nikaziona ni sahihi. Lugha yake ilikuwa safi. Nikampa alama 17 kati ya 20, na hapo ndipo nafsi ilipoanza kunisuta. Nilihisi nimemtuza mtoto kwa kufunga mlango ambao mwalimu hulipwa kuufungua. Basi nimeona vyema nikisimulie upya kisa hicho katika ukurasa huu, kwa kuwa naamini kwamba kifo cha Ascari kina mambo ya kutufunza ambayo hizo tarakimu zinayafunika.

Alberto alizaliwa mjini Milan tarehe 13 Julai 1918. Babaye, Antonio, aliendeshea kampuni ya Alfa Romeo na alikuwa miongoni mwa madereva mashuhuri wa Ulaya ya wakati ule. Alishinda Grand Prix ya Italia uwanjani Monza mwaka wa 1924, na ya Ubelgiji mwaka uliofuata. Wiki chache baada ya ushindi huo wa pili, katika uwanja wa Montlhéry karibu na Paris, alikuwa akiongoza Grand Prix ya Ufaransa gari lilipomponyoka na kugonga ua. Hakupona. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka saba siku kumi na tatu tu zilizotangulia.

Mtu angedhani kwamba mtoto aliyeletewa habari kama hiyo angeyachukia magari maisha yake yote. Haikuwa hivyo. Husimuliwa kwamba mamaye alimpeleka shule ya bweni ili kumweka mbali na injini, naye akatoroka, na kwamba aliwahi kuviuza vitabu vyake vya shule ili apate pesa za kuendesha pikipiki. (Wanafunzi wanaosoma makala haya nawaomba wasiige mfano huo, vitabu siku hizi ni ghali kuliko pikipiki za kukodi.) Alipobaleghe aliingia katika mashindano ya pikipiki akiendesha za kampuni ya Bianchi. Mwaka wa 1940 alishiriki mbio za Mille Miglia kwa gari la kwanza lililoundwa na Enzo Ferrari baada ya kuachana na Alfa Romeo, gari ambalo wakati huo halikuruhusiwa hata kubeba jina la mwenyewe. Enzo alikuwa amemjua Antonio tangu zamani. Gari hilo liliharibika njiani. Mwaka uo huo Alberto akamwoa Mietta.

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha michezo. Ascari na rafiki yake Luigi Villoresi, aliyemzidi umri na akawa kama kaka na mwalimu kwake, walifanya biashara ya kusafirisha mafuta ya jeshi la Italia kupeleka Afrika Kaskazini. Amani iliporejea, alirudi tena katika bara letu, safari hii kwa mashindano yaliyofanyika Cairo mwaka wa 1947, akawa wa pili kwa kigari kidogo cha Cisitalia. Kisha akaendeshea Maserati, na mwaka wa 1949 yeye na Villoresi wakajiunga na Ferrari.

Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Mwaka wa 1951 alishinda Ujerumani na Italia, akawa wa pili katika ubingwa wa dunia nyuma ya Juan Manuel Fangio wa Argentina. Mwaka wa 1952 aliikosa mbio ya kwanza ya Uswisi kwa sababu alikuwa amekwenda Marekani kushiriki mbio za Indianapolis, ambako gurudumu la gari lake lilivunjika. Aliporudi Ulaya alishinda Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Italia, yaani mbio zote sita zilizosalia. Mwaka wa 1953 akaanza kwa kushinda Argentina, Uholanzi na Ubelgiji. Ukiiacha Indianapolis, ambayo hakushiriki mwaka huo, hizo ni mbio tisa mfululizo. Ilimbidi ulimwengu ungoje hadi 2013 ndipo Sebastian Vettel akaifikia idadi hiyo, na hadi 2023 ndipo Max Verstappen akaipita. Nao Waitaliano, pamoja na mapenzi yao yote kwa mchezo huu, walifika mwaka wa 2024 bila kumpata bingwa wa dunia mwingine baada ya Ascari.

Alikuwa mnene kidogo, na mashabiki wakampa jina la utani la Ciccio, yaani kibonge. Asingekuita macho kwa vituko. Mtindo wake ulikuwa kutangulia mapema na kubaki mbele, akipita kila kona pale pale alipopita mzunguko uliotangulia, bila papara. Waliomfahamu walisema kwamba hatari yake ilikuwa pale alipolazimika kuwakimbiza wengine. Akiwa mbele, ilikuwa vigumu mno kumshinda.

Tena alikuwa mtu wa miiko. Aliogopa paka weusi. Aliiogopa tarehe 26 kwa sababu unayoijua. Helmeti yake ya rangi ya samawati, miwani, glavu na shati la rangi iyo hiyo aliviweka pamoja katika mkoba, na hakupenda mtu mwingine aviguse. Hakuwa akiendesha bila vitu hivyo. Wenzake walimcheka, nasi tunaweza kumcheka, lakini mimi nina maoni yangu kuhusu miiko hiyo na nitayaeleza baadaye.

Lipo jambo moja zaidi ambalo, nikiri, ndilo lililonifanya nimpende. Ascari alikuwa na watoto wawili, Antonio, aliyepewa jina la babuye, na Patrizia. Alikuwa mkali kwao. Enzo Ferrari ameeleza kwamba siku moja alimuuliza mbona hawaonyeshi watoto mapenzi zaidi, naye akamjibu kwamba anafanya hivyo makusudi: hakutaka wampende kupita kiasi, kwa sababu huenda siku moja asirudi, na wakiwa wamezoea ukali wake hawataumia sana. Msomaji, aliyenena hayo ni yule mtoto wa miaka saba wa mwaka wa 1925. Alikuwa akikumbuka maumivu yake mwenyewe na kujaribu kuwapunguzia wanawe kwa njia pekee aliyoijua. Kama njia hiyo ilikuwa sahihi, nawaachia wazazi. Lakini mtu anayepanga hivyo si mtu anayedhani ajali ni hadithi ya wengine.

Mwaka wa 1954 aliihama Ferrari akaenda Lancia, na mwaka ukapita akiingoja gari mpya ambayo haikuwa tayari. Alishinda Mille Miglia kwa gari jingine la Lancia, na hilo ndilo la maana katika mwaka huo. Gari lenyewe, D50, lilitokea Oktoba nchini Uhispania, likawa la kasi kuliko yote, kisha klachi ikaharibika.

Tufike sasa Jumapili tarehe 22 Mei 1955, Monaco. Mbio ilikuwa ya mizunguko 100 katika barabara za mji. Fangio alikuwa ameondoka uwanjani kwa hitilafu ya gari. Katika mzunguko wa 81 injini ya Stirling Moss, aliyekuwa akiongoza, ilikufa. Ascari, wa pili, alikuwa karibu kushika uongozi. Lakini katika mzunguko uo huo, alipofika penye kona ya kando ya bandari, gari lilimshinda, likapasua robota za nyasi kavu zilizowekwa ukingoni, likaruka na kutumbukia baharini. Watazamaji waliona maji yakichemka kwa mvuke. Kisha kichwa chenye helmeti ya samawati kikaibuka, na Ascari akaogelea hadi kwenye mashua ya waokoaji. Alikuwa amevunjika pua na kupata michubuko. Dunia ilishangilia kama iliyoona muujiza.

Siku nne baadaye, Alhamisi, alikuwa nyumbani Milan akijiuguza. Kijana Eugenio Castellotti, mwenzake katika Lancia, alikuwa Monza akilijaribu gari la Ferrari aina ya 750, ambalo wawili hao walikuwa wameruhusiwa kuliendesha kwa zamu katika mbio za kilomita 1,000 Jumapili iliyokuwa ikija. Ascari akaenda kutazama. Hakubeba mkoba wake; helmeti ilikuwa ikitengenezwa baada ya ajali ya Monaco. Alikuwa amevaa nguo za matembezi, tai shingoni, na alitarajiwa kurudi nyumbani kwa chakula cha mchana.

Pale uwanjani akasema kwamba angependa kuliendesha gari kwa mizunguko michache, kwani baada ya ajali inampasa dereva arudi garini mapema kabla woga haujamea mizizi. Akaazima helmeti nyeupe ya Castellotti. Tarehe, ukumbuke, ilikuwa 26. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wa tatu, kwenye kona ya kasi iliyoitwa Vialone, gari likaserereka, likapinduka mara mbili, na dereva akarushwa nje. Alikata roho muda mfupi baadaye. Hapakuwa na gari jingine karibu wala mtazamaji aliyekuwa na jibu.

Gari lenyewe lilikuwa la namna gani? Lilikuwa la wazi, injini ya silinda nne ya lita 3, yenye nguvu za farasi zipatazo 250, katika mwili mwepesi usiofika uzani wa tani moja. Mkanda wa kumshikilia dereva haukuwamo. Mwenzangu anayefundisha fizikia alinieleza jambo hili katika chumba cha walimu kwa mfano ambao hautanitoka. Mshiko wa tairi barabarani, alisema, ni kama mshahara wa mwalimu: ni mmoja tu. Ukiutumia wote kukata kona, hakuna kinachobaki kwa breki. Ukiongeza moto katikati ya kona, umekopa usichonacho. Hapo magurudumu ya nyuma huanza kuteleza na mkia wa gari hutaka kuupita uso. Dereva hodari huugeuza usukani upande ule mkia unakokwenda na kulituliza gari, na kazi hiyo yote huisha kabla mtu hajapepesa macho mara mbili. Akichelewa kidogo, au tairi zikishika ghafla wakati gari limekaa upande, kasi yote iliyokuwa ikienda mbele huligeuza gari kama mtu anayekunja jamvi. Tena, kasi ikizidi maradufu, nishati ya kutulizwa huwa mara nne. Ndiyo sababu kosa linalosameheka katika kilomita 80 kwa saa halisameheki katika 160.

Tangu siku ile watu wamebuni kila sababu. Wako wanaosema upepo uliipeperusha tai ikamziba macho. Wako wanaosema fundi au kibarua alikatiza njia, naye akapinda kumkwepa. Mike Hawthorn, Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa mwaka wa 1958, aliamini kwamba tairi zilizofungwa zilikuwa pana kuliko rimu zake. Wengine husema kichwa kilichotikiswa Monaco kilimpiga kizunguzungu Monza. Na wako wengi, pamoja na mwanafunzi wangu, wanaosema ni tarehe.

Mimi sitachagua. Lakini hebu zitazameni sababu hizo, kisha muiondoe ile ya tarehe. Karibu kila moja inaangukia jambo lililoweza kuzuiwa asubuhi ile. Tai ingevuliwa. Njia ingefungwa. Tairi zingekaguliwa. Na mtu aliyevunjika pua siku nne zilizopita angeambiwa akae kivulini atazame. Hapa ndipo ninapoirudia ile miiko tuliyoicheka. Mkoba wa samawati haukuwa na nguvu za uganga. Ila mtu anayekataa kuendesha bila helmeti yake, glavu zake na shati lake ni mtu anayejilazimisha kusimama, kujiandaa na kuutuliza moyo kabla ya kuwasha injini. Naiona ile kuwa nidhamu iliyovaa kanzu ya ushirikina. Siku aliyoiacha aliacha vyote kwa mkupuo mmoja.

Isitoshe, uwanja uo huo wa Monza ulikuwa umekwisha kutoa somo hilo. Mwezi Juni 1952 Fangio alikuwa ameshindana Ireland ya Kaskazini siku iliyotangulia, akakosa ndege, akaendesha gari usiku kucha kutoka Paris kupitia milima ya Alps, akafika Monza muda mfupi tu kabla ya mbio kuanza. Katika mzunguko wa pili gari lilimponyoka. Alivunjika shingo na hakushindana tena mwaka huo. Yeye mwenyewe hakusingizia upepo wala paka. Alikiri kwamba alikuwa amechoka na hakupaswa kuanza. Akaishi hadi 1995, mzee wa miaka 84. Ascari, aliyeutwaa ubingwa wa mwaka ule Fangio akiwa kitandani, aliijua habari hiyo kuliko wengi.

Swali langu basi ni hili: nani angemkataza? Castellotti alikuwa na umri wa miaka 24, na aliyesimama mbele yake akiomba gari alikuwa bingwa wa dunia mara mbili. Mafundi walikuwa mafundi. Villoresi alimpenda kama ndugu. Katika nafasi yao ningefanyaje? Sihitaji kukisia, kwa maana niliwahi kuwa katika nafasi hiyo. Miaka mingi iliyopita niliongoza ziara ya wanafunzi. Dereva wa basi tulilolikodi, mtu mzima aliyeheshimika, alitwambia asubuhi kwa fahari kwamba alikuwa amefika kutoka safari nyingine alfajiri ile na kwamba yeye hachoki. Niliyaona macho yake. Nikanyamaza, nikaona haya kumkosoa mzee kuhusu kazi yake. Alasiri basi likaacha barabara na kulala mtaroni. Hapana aliyekufa, lakini msichana mmoja alivunjika mkono, na nilipomkabidhi kwa wazazi wake walinishukuru kwa kumrudisha salama, wakisema kwamba ajali haina kinga. Sikuwa na ujasiri wa kuwasahihisha.

Ulimwengu wa langalanga ulichukua muda mrefu kulijibu swali hilo, na ulizika vijana wengi njiani. Siku kumi na sita tu baada ya Ascari, mnamo 11 Juni 1955, gari liliruka miongoni mwa watazamaji wa Le Mans, Ufaransa, na watu zaidi ya 80 wakafa. Leo yuko mtu wa kukataza. Mwaka wa 2016 Fernando Alonso wa Uhispania alipata ajali mbaya Melbourne akatoka akitembea kwa miguu yake. Siku chache baadaye alifika Bahrain akitaka kushindana, na madaktari wa mashindano wakamkatalia. Alonso naye alikuwa bingwa wa dunia mara mbili. Akavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, akatazama wenzake.

Ascari alizikwa Milan karibu na babaye, mbele ya umati mkubwa. Lancia waliachana na mashindano, magari yao wakapewa Ferrari, na Fangio akayatumia kupata ubingwa wa 1956. Ile kona ya Vialone baadaye ilijengwa upya ili kupunguza kasi, na sasa inaitwa kwa jina la Ascari.

Kijana wangu nimemrudishia insha yake. Alama sikuzibadili, ila nimemwandikia chini aongeze ukurasa mmoja juu ya Castellotti, yule aliyetoa gari na helmeti. Mwezi Machi 1957, uwanjani Modena, alikuwa akilijaribu gari la Ferrari peke yake, likamponyoka, akafa. Nilipotafuta umri wake nikakuta alikuwa na miaka 26, na najua fika ni wapi mwanafunzi wangu atapiga mstari.